Mpira wa Baiskeli Niliokukatia

Zuhura shoga yangu,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, maana kila nikianza najikuta nakutukana, nawe huwezi kunijibu. Leo naandika hata kama ni kwa hasira. Arobaini yako imepita, na mama yako bado haitikii shikamoo yangu.

Unakumbuka ulivyonijia. Ulikuwa umetolewa kwenye kundi la akina mama wa Temeke waliokuwa wakijiandaa na halaiki ya Saba Saba, ukaniambia shida ni mgongo. Ulijua nilifanya kazi za ndani kwa yule mama mgeni wa Oysterbay aliyenifundisha mazoezi yake ya sakafuni. Yeye aliyaita Pilates. Unalala chali, unavuta tumbo ndani, unapumua taratibu. Nikakuuliza kama daktari anajua. Ukacheka. "Mie sina neno, shoga. Daktari mwenyewe kasema ninyooshe viungo." Nikakuuliza mara ya pili, ukaniita kizee.

Basi nikaingia kazini kwa moyo wote. Mkeka wako mpya wa ukindu niliukataa, ulikuwa unateleza kwenye sementi. Tukachukua jamvi kuukuu na kulikunjia blanketi juu, uti wa mgongo usiumie. Mpira wa kubana magotini haukuwepo madukani, kama vitu vingine vyote, tukatumia mto wa sufi. Kwa fundi baiskeli wa Tandika, tulikokwenda kutafuta mpira wa kuvuta kwa miguu, uling'ang'ania tyubu ya lori. "Hii ndiyo kazi," ulisema, ukaivuta mpaka mishipa ya shingo ikakutoka. Nikakupokonya. Nikachagua tyubu ya baiskeli, laini, nikakukatia kipande cha kutoka kiunoni hadi unyayoni. Nilijiona mwangalifu kweli! Nilikuwa nampimia mtu ugumu wa mpira, na mwenyewe ananificha moyo wake mbovu.

Ukawa unakuja kila Jumamosi asubuhi, na akina mama wanne wa mtaani wakatufuata. Ukihema nakwambia pumzika, unasema ni joto. Jumamosi ya mwisho ulitaka tuongeze mara kumi. Tukaongeza. Mimi ndiye niliyehesabu, Zuhura, moja mpaka kumi, kwa sauti yangu hii. Kisha ukaenda kupanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, ukaangukia hapo hapo kabla ya adhuhuri.

Siku ya khitma mama yako alitoa kadi ya kliniki aliyoikuta chini ya godoro lako, akampa mjomba wako aisome mbele ya watu. Moyo umepanuka. Asifanye kazi nzito wala mazoezi. Tarehe yake ilikuwa ya kabla hujanijia. Mama yako akanigeukia: "Ulijua mwanangu mgonjwa, ukamkamua kama nguo?" Ningesema nini? Kwamba marehemu aliniongopea, na watu bado wameshika juzuu mikononi? Nikanyamaza, nao wakaona huko ndiko kukiri.

Tangu siku ile wale akina mama wanne waliokuwa wakija kufanya mazoezi nasi hawaji tena. Mtaani napewa salamu nusu nusu. Balozi wetu wa nyumba kumi kaniita, kaniuliza kama nina kibali cha uganga. Uganga, Zuhura! Kisa kama hiki ningekusimulia wewe, tungecheka mpaka machozi, lakini wewe ndiye uliyeniingiza humo.

Najua ulichokitaka. Ulitaka urudi kwenye mstari, uvae nguo ya kijani, upite uwanjani watu wakikupigia makofi. Nakuelewa, na kukuelewa hakunipunguzii uchungu. Ungemdanganya mwingine basi. Mimi nawe tumekua pamoja, tumevunja ungo mwaka mmoja, tumevaa khanga za sare kwenye kila harusi ya mtaa huu. Ukaniangalia usoni, ukanidanganya mara mbili, halafu ukaniachia nikuhesabie. Kila siku najiuliza kama ni zile mara kumi au ni jua la foleni. Hakuna wa kunijibu.

Kesho baada ya alasiri nitakwenda kwa mama yako, nimweleze nilivyokuuliza na ulivyonijibu. Sitaongeza neno wala kupunguza. Najua hutapenda, naye ataumia. Lakini wewe umeshapumzika. Mimi ndiye ninayepita mlangoni kwake kila siku ya Mungu. Nakuahidi hili: nikishamwambia yeye, sitamwambia mwingine, na atakayekusema vibaya mbele yangu tutagombana.

Mungu akutie kauli thabiti, shoga yangu. Nakuombea hata nikiwa nimekukasirikia. Ungeniambia ukweli ningekukatalia, nawe ungeninunia mwezi mzima, ukawa unapita dirishani kwangu bila kugeuza shingo. Mwezi huo wa kununiwa na wewe, leo ningeupokea kwa mikono miwili.

Shoga yako,
Mwajuma