Kioo cha Mama na Injini ya Kushoto

Jumamosi, 2 Machi

Mwalimu wa fizikia amenichagua nizungumze mbele ya darasa Alhamisi. Mimi! Mada nimejichagulia: kwa nini ndege ndogo za jeti hupata ajali. Mama ni fundi wa ndege hizo, na kabatini kwake kuna rundo la ripoti za uchunguzi. Nimesoma tisa. Barafu kwenye bawa. Mafuta yaliyokadiriwa kwa macho. Rubani aliyechoka. Kutua kwa kasi kwenye lami iliyolowa. Kifuniko cha mrija wa kupimia mwendo — kilisahauliwa, ndege ikaruka nacho. Hakuna hata moja iliyoandika "bahati mbaya". Hilo limenipa moyo. Kama kuna sababu, basi kuna namna ya kuzuia.

Ripoti ya kumi imedondoka nyuma ya kabati.

Jumapili, 3 Machi

Nimeipata. Kwenye mfuko wa ovaroli ya mama, ile inayosubiri kufuliwa, kulikuwa na kioo kidogo cha mviringo chenye mpini mrefu. Nikakipenyeza nyuma ya kabati, nikaona ripoti ilipokwama, nikaivuta kwa fimbo ya ufagio. Mdogo wangu wa kike — tunamwita Redio, hazimiki — ameuliza kama huko nyuma ndiko ninakotafuta mchumba, maana mbele za watu siwezi.

Mpini wa kioo unafaa sana kuwekea alama ya ukurasa.

Jumatatu, 4 Machi

Mama hakula. Karakanani kwao kuna ubao uliochorwa umbo la kila kifaa. Kifaa kikirudishwa, kinafunika umbo lake. Leo asubuhi umbo moja lilikuwa tupu. Kifaa hicho alikitumia yeye Jumamosi, ndani ya injini ya kushoto. Alitakiwa kuhesabu vifaa kabla ya kutoka, ila walikuwa wanamharakisha, akatia saini bila kuhesabu. Alipogundua leo, abiria walishapanda. Akamwendea mkuu wake: isiruke, huenda nimeacha kitu ndani. Wakateremshwa wote. Sasa mwenye ndege anataka mama afukuzwe.

Redio akauliza, kwani usingeweza kunyamaza tu?

"Ningelala vipi, mwanangu?"

Sikuuliza ni kifaa gani. Nilidhani spana.

Jumanne, 5 Machi

Bado wanaifungua ile injini, kipande kwa kipande. Hawajaona kitu.

Jioni nilikuwa naosha vyombo, mama anaongea na mkuu kwenye simu. Nikamsikia: "Kile kioo, chenye mpini mrefu." Nikaiacha sahani izame ndani ya maji.

Kioo kiko ukurasa wa arobaini na moja.

Nikajifungia bafuni. Nikisema, injini ni salama, ila itajulikana kwamba mama alitoka na kifaa kazini. Kosa juu ya kosa. Nikinyamaza, watatafuta mpaka wachoke, halafu mtu ataruka na ndege hiyo bila kujua kama kioo kimo au hakimo. Na ukurasa wenyewe wa arobaini na moja — fundi alisikia mlio usio wa kawaida, akaogopa kuonekana mjinga, akanyamaza.

Nilitoka. Nikamwekea mama mezani ripoti, na kioo ndani yake.

Alikitazama. Akacheka. Kisha akalia. Kabla hata hajafuta machozi akampigia tena mkuu: "Kiko kwangu. Nilitoka nacho mimi." Hakunitaja kabisa.

Nikamwambia kesho tunakwenda wote. Akasema nina shule. Nikasema shule yenyewe ndiyo hii.

Jumatano, 6 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya ofisi ya mkuu. Mama yuko ndani.

Nimeshaingia na nimesema yote. Mkuu alisikiliza, akaenda kwanza kutundika kioo ubaoni. Umbo tupu likatoweka. Nilitegemea anifokee. Badala yake alifungua daftari, akamuuliza mama saini ilitiwa saa ngapi, na ni nani waliokuwa wanamharakisha. Ndivyo ripoti zinavyouliza! Kisha akaniambia, subiri nje kidogo.

Kidogo imekuwa dakika arobaini.

Rubani wa ndege ile amekuja, kofia kwapani. Akaniuliza kama mimi ndiye mtoto wa fundi. Nikaitikia.

"Mama yako ndiye atakayeifunga ile injini?"

"Hawajaamua, shikamoo," nikasema. Salamu ikachelewa kutoka, nikaona haya.

"Marahaba. Basi na mimi sijaamua kuruka."

Ameketi. Benchi limelia. Ameuliza ni nini hiki mapajani mwangu, nikampa ripoti ya kumi, ameanza ukurasa wa kwanza. Simu yake inaita. Ameitazama, ameirudisha mfukoni. Inaita tena — bila shaka ni mwenye ndege.

Mlango bado umefungwa. Rubani amevua koti, amelikunja juu ya magoti, anafungua ukurasa wa pili. Hana haraka hata kidogo.