Aliyeitikia Pakawa

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, babu yako kapona kikohozi, sasa anagombana na kuku.

Unauliza "hadhira" ni nini. Usichanani mwangu, hapa Baleni, nilikuwa namenya muhogo ukumbini peke yangu, mchana, wakati ambao hadithi ni mwiko. Kwa utundu nikasema, "Paukwa!"

Sauti ya mama ikaitikia chumbani, "Pakawa!" Nikaanza kusimulia. Nilipofika katikati, mama akaingia kutoka kisimani, ndoo kichwani.

"Unamsimulia nani?"

Nikaonyesha chumbani. Hakunigombeza. Alikaa karibu yangu, akaninong'oneza, "Imalize. Aliyeitikia haachwi njiani."

Nikaimaliza.

Hadhira ni yeyote aliyeitikia, hata usiyemjua. Barua hii, ukiisoma mchana, isome kimoyomoyo.

Bibi yako