Fundo la Tai ya Elida

Elida na Onesmo,

Nimewahi bandarini Kibirizi kubeba mizigo. Ugali uko kwenye hotipoti, dagaa nimewafunika kwa sahani. Onesmo, umbakizie dada yako.

Elida, asubuhi nikipiga pasi tai yako nilifungua fundo. Sikujua ndilo lile alilokufungia marehemu mama yenu ulipoanza kidato cha kwanza, na mpaka leo kidato cha nne ulikuwa unalilegeza tu, tai unaivulia kichwani. Uliponiambia nikaanza kuwasema wakubwa wa elimu: nani kawaambia joto la Kigoma linataka tai? Wao wanakaa chini ya feni. Basi nikakufungia fundo ninalolijua, la kufungia mtumbwi. Onesmo akacheka hadi uji ukamtoka puani: “Baba, dada anakwenda shule au anaegeshwa?”

~~Kesho nitamwomba yule jirani mwalimu akufunge vizuri.~~

Simwombi mtu. Wewe mwenyewe ulisema pale mlangoni, “Liache, Baba. Na hili silifungui.”

Ukirudi usiivute, itakukaba. Nisubiri nije nikulegezee.

Baba yenu, fundi wa tai