Nguzo ya Nyuma ya Nyumba

Mbekenyera

Kaka Rahimu,

Assalaam alaykum. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa hiace ya Nachingwea, anasema anakufahamu. Huku ufuta tumeshaupepeta na mikorosho inatoa maua.

Karate sijaiacha. Ile mitungi yako ya mchanga naishika kwa vidole kwenye midomo yake na kuzunguka nayo uani, na bibi bado ananicheka kwamba mtungi hubebwa kichwani. Watoto wa jirani nawafundisha kata ya kwanza, ule mfululizo wa kuzuia na kupiga. Nawaambia kama ulivyoniambia wewe, kwamba kata huanza kwa kuzuia, si kwa kupiga. Nikifika hapo huwa naikumbuka siku uliyompiga baba ngumi. Jino halijarudi, ila ugali anakula.

Makiwara yako, ile nguzo ya kupigia ngumi, ililiwa na mchwa ikaanguka. Juzi nilimkuta baba anachimbia nyingine, ameizungushia kamba mpya ya katani. Niliipiga mkono ukavimba, maana ni gogo zima, halinepi hata kidogo.

Baba aliutazama mkono wangu. Unajua tangu uondoke hajalitaja jina lako.

"Rahimu aliichongaje ile yake?" akauliza.

Nikamjibu sijui. Nitaachaje kujua, kaka, na mimi ndiye niliyekushikia ubao ukiuchonga, chini mnene, juu mwembamba? Njoo umwonyeshe mwenyewe.

Mdogo wako,
Hajra