Ndoo Uliyoniachia, Mwalimu Kabula

Mwalimu Kabula,

Shikamoo. Marahaba haitakuja, najua, lakini siwezi kukuandikia bila salamu.

Tangu tulipokuzika Usagara, tulikofundisha pamoja, nimehamishiwa shule ya huku Ilemela, jirani na mwalo, pale ufukweni mwa ziwa wanapoanika dagaa. Nilikuja na neno lako: "Mkorofi mpe ndoo, usimpe fimbo." Ulinishika mkono pale hospitalini, ukaniapisha nisimchape mtoto. Nikaapa.

Basi nikafanya kama ulivyofanya. Mpiga kelele alikwenda kuchota maji ya kumwagilia miti ya shule. Usagara watoto waliiogopa safari ya kisimani. Walirudi na debe kichwani, kimya kama wametoka kanisani. Huku wana ndoo za plastiki zinazouzwa Buzuruga siku hizi, nyepesi kama kofia, na ziwa liko pale chini. Walirudi wamelowa mpaka masikioni, wanacheka. Juma la pili nusu ya darasa ilikuwa inapiga kelele. Nikadhani kasoro ni sauti yangu.

Kisha Nyanjige, binti wa darasa la tano, akaenda asirudi.

Nilikimbia, kiatu kimoja kikabaki njiani. Niliiona ndoo juu ya jiwe, peke yake. Niliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Kumbe yuko nyuma ya mawe, anageuza dagaa na bibi yake, mdomo umejaa.

"Mwalimu! Na wewe umepiga kelele?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia.

Sikufichi: wakati wa kurudi nilikata fimbo. Nilifika nayo mlangoni mwa darasa. Hapo ndipo nilipokumbuka majuma yako ya kwanza Usagara, ulivyokuwa ukiwasindikiza watoto makwao kila jioni. Nilikutania kwamba unafuata karanga za wazazi. Ukasema, "Natazama tu." Ile adhabu ya ndoo uliitoa kwenye njia ile, baada ya kuona kisima kilivyo mbali. Mimi nilibeba ndoo tu, kutazama kulibaki Usagara.

Nikawasindikiza wa huku na mimi, juma zima, nikaona ziwa kwao ni mchezo, si adhabu. Sasa nimegeuza. Anayemaliza kazi yake kwa utulivu ndiye anayekwenda ziwani, nami nasimama ukingoni mpaka wa mwisho atoke majini. Mpiga kelele anabaki kufagia darasa, anasikia wenzake wanavyocheka. Nyanjige siku hizi ndiye wa kwanza kumaliza hesabu. Jana darasa lilitulia, nikasikia kuku wa mwalimu mkuu wakikwaruza nje. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ya mazishi yako.

Lala salama, Mwalimu. Popote watakaponihamishia, nitaanza kwa kutembea na watoto. Na ile fimbo usiiogope. Imeegemezwa dirishani, inazuia upepo wa ziwa usilifunge. Haijamgusa mtoto.

Mwanafunzi wako,
Modesta