Dakika Ishirini za Injini ya Mama

Cutler's Fork, Kentucky
4 Juni 2008

Kaka Denzil,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Na lile jicho alilokupasua mwenzako wa chumba limefunguka? Mimi sijambo, ila kidole kimoja hakinyooki. Baba yupo. Kiharusi kimemuua upande wa kushoto tu. Wa kulia bado unashika fimbo, na fimbo yenyewe unaijua.

Nisikuzungushe. Nauza Chevelle, gari la Mama. Bodi ya kuwaachia wafungwa mapema itakusikiliza Oktoba, na wameniandikia kwamba hawatakuachia urudi chini ya paa moja na Baba. Wanataka anwani nyingine. Nimepata nyumba ya kupanga Lexington, na hapa bondeni hakuna cha kuuza isipokuwa lile gari. Babu alimnunulia Mama likiwa jipya, mwaka wa sabini. Kadi ya gari ina jina la Mama mpaka leo, na kwa kuwa hajaonekana miaka ishirini, hakimu amenipa mimi.

Nilipomwambia Baba, alisubiri niiname kumvalisha soksi, ndipo akanipiga fimbo mkononi. Hicho ndicho kidole. "Gari halitoki bandani," alisema. "Likitoka, wewe utakuwa umetangulia." Mate yalikuwa yanamtoka pembeni mwa mdomo, na bado nilimwogopa kama nilivyomwogopa nikiwa mtoto.

Mnunuzi ni bwana Hollis Vantreese wa Tennessee, mkusanyaji wa magari ya zamani yenye injini kubwa. Anataka kuisikia injini ikiunguruma. Wewe ndiye uliyemshikia Baba spana majira yale ya baridi alipoisuka upya, na haijawahi kuwashwa tangu hapo. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Twila


Gerezani
15 Juni 2008

Twila, mdogo wangu,

Salamu zimefika. Jicho linaona. Yule bwana sikumrudishia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu napigwa na kunyamaza, na ni kwa ajili ya Oktoba tu. Pole kwa kidole.

Uza. Lile gari sina hamu nalo. Unakumbuka kwa nini Baba aliifumua ile injini? Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa ameshafunga sanduku. Baba hakumnyang'anya funguo wala hakumzuia mlangoni. Alikwenda bandani, akaitoa injini nzima, akaitandaza chini nati kwa nati, kisha akamwita: "Haya, nenda sasa." Wiki tatu baadaye akatuambia Mama ametoroka na Coy Ledford, yule dereva wa gari la mikate. Akaanza kuisuka injini taratibu, kama mtu asiye na haraka tena.

Mimi nilimwamini, na miaka tisa baadaye nikamkuta Coy kwenye kituo cha mafuta. Aliapa hajawahi hata kumgusa Mama mkono. Nilimpiga kwa spana ya matairi hadi hakuwa na mdomo wa kuapia. Naandika hivi kwa sababu mwalimu wetu huku anasema kila mtu aseme alichofanya, akiite kwa jina lake. Nilimuua Coy Ledford.

Sasa sikiliza. Injini iliyosukwa upya, ikiwashwa mara ya kwanza, haiachwi ingurume polepole. Ukiiacha, shafti inayosukuma vali italika siku hiyo hiyo na kazi yote ni bure. Weka oili mpya, izungushe kwanza kwa spana mpaka oili ipande. Ukiwasha, kanyaga pedali mshale wa mizunguko usimame kwenye elfu mbili, usiondoe mguu dakika ishirini kamili. Fungua ule mlango wa banda mpaka mwisho, uukinge kwa matofali, japo wenyewe ni wa mwaloni, mzito hata tulikuwa tukiusukuma wawili. Moshi ule unaua mtu akidhani anasinzia.

Kaka yako,
Denzil


Cutler's Fork
9 Julai 2008

Kaka,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo.

Vantreese alinipigia simu kuulizia karatasi ya kiwandani yenye orodha ya vipuri vya gari. Kumbe zamani mafundi wa kiwanda walikuwa wakiichomeka ndani ya springi za kiti cha nyuma, na wakusanyaji wanaithamini sana. Akaniambia nikitoe kiti niangalie. Baba alipokuwa amelala, nikakitoa.

Karatasi ilikuwapo, imetafunwa na panya. Chini yake palikuwa na mkoba wa Mama, leseni yake ndani, na miwani yake. Kioo kimoja hakipo. Kwenye fremu kuna nywele zilizogandiana na kitu cheusi. Nilikwaruza kwa ukucha, nikajua ni damu.

Kaka, Mama bila miwani alikuwa anajigonga mlango wa jikoni. Hakwenda popote na mtu yeyote.

Niliiweka ile miwani mezani mbele ya Baba, kando ya bakuli lake la maharage. Aliitazama, akaendelea kutafuna mkate wa mahindi. Kisha akasema, "Alikuwa anapiga kelele. Nilimwambia anyamaze, hakunyamaza." Nilipoinama kuichukua akanivunjia bakuli usoni. Nimeshonwa nyuzi sita.

Yuko wapi, Denzil? Nimemuuliza mpaka sauti imenikauka, anacheka tu kwa upande ule mmoja.

Mdogo wako,
Twila


Gerezani
16 Julai 2008

Twila,

Pole sana kwa uso wako. Nilipomaliza kusoma nililala kifudifudi chumbani humu. Sakafu ya humu ni ya zege.

Siku ile aliyosema Mama ametoroka, alinizuia kwenda shule. Alisema udongo wa bandani unazamisha jeki, tumwage sakafu. Chini alikuwa ameshasawazisha mwenyewe. Nilichanganya mifuko kumi na miwili ya saruji. Nililainisha juu kwa mikono yangu, nikaandika D.S. pembeni kwa msumari, naye akanipa bia yangu ya kwanza, akasema nimefanya kazi ya mwanamume. Ilipokauka tukalisukuma gari juu yake, mimi na yeye. Halijasogea tangu siku hiyo.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimzika mama yangu nikipiga mluzi, halafu nikaenda kumuua mtu nikidhani ameniibia mama yangu.

Usiende kwa sherifu bado. Mpe mzee chakula chake, mpe dawa zake kwa wakati, asife. Oktoba nakuja. Nataka kumsalimia mwenyewe, kwa mikono yangu. Bodi wakiniuliza nitajibu vizuri.

Kaka yako,
Denzil


Cutler's Fork
20 Agosti 2008

Kaka Denzil,

Natumai afya yako ni njema. Samahani kwa kukawia. Najua barua zinazoingia huko zinasomwa, nami sina la kuficha.

Baba hatunaye. Alifariki Jumanne ya tarehe kumi na mbili.

Vantreese alikuwa anakuja Jumatano, ikabidi injini iwashwe kabla. Niliona si vizuri Baba asiisikie kazi ya mikono yake. Nilimpeleka kwa kiti cha magurudumu, nikamkalisha ndani ya gari, kiti cha mbele, nikamfunga mkanda asidondoke. Fimbo niliiacha jikoni. Alinishika mkono, huu wenye kidole kibovu, akasema, "Twila, usiwe mjinga." Nikawasha. Ilishika mara ya kwanza, Kaka, haikukohoa hata kidogo.

Mguu ulichoka. Nikachukua tofali lililoukinga mlango, nikaliweka kwenye pedali, nikaenda kumletea maji. Nikiwa ndani, upepo ukaufunga mlango. Niliporudi dakika ishirini zilikuwa zimetimia.

Sherifu ameandika ni ajali. Baada ya hapo nilimpa miwani na mkoba. Walilisogeza gari, wakavunja sakafu. Mama alikuwa chini kidogo tu, futi mbili, na koti lake na sanduku lake. Fuvu lilikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Tutamlaza karibu na Babu. Pembe ile yenye herufi zako nilikuwa nimeshaiponda mwenyewe kwa nyundo kabla hawajafika.

Vantreese amelichukua gari juzi. Nyumba ya Lexington ni yetu kuanzia Septemba.

Oktoba ukija hakuna wa kumsalimia. Umenisikia, Kaka? Nakujua wewe. Ungemsalimia, wangekurudisha humo, na ungefia humo. Njoo na mikono mitupu.

Mdogo wako,
Twila


Gerezani
27 Agosti 2008

Twila, mdogo wangu,

Salamu. Siku nne nilikukasirikia. Yule mzee alikuwa wangu. Siku ya tano nililia, na mwenzangu wa chumba, yule yule wa jicho, akageukia ukutani aniache.

Asante kwa ile pembe ya sakafu. Siku ya kumzika Mama, mwekee miwani yake.

Askari aliyenikabidhi barua yako alikuwa ameshaisoma. Akaniuliza, "Huko kwenu bondeni upepo ni mkali kiasi hicho?"

Mwalimu ametufundisha kila kitu tukiite kwa jina lake, na miaka kumi na moja nimejitahidi. Nilimwambia ndiyo, hasa Agosti.

Kaka yako,
Denzil