Mikate ya Papa Hadija

Jumatatu, 1 Septemba
Maandazi yangu ya kuuza yameisha mapema. Mafuta yamenirukia mkononi, si kitu. Mume wangu, Papa Hadija, amekwenda tena darasani. Wiki ya mwisho ya mafunzo ya kuoka mikate. Miaka yote amebeba magunia soko la Kamembe, akipakia magari yaendayo Bukavu, mpaka mgongo umekataa. Ndiye pekee darasani mwenye mvi. Mwalimu wake ni msichana, rika moja na binti yetu Hadija. Anamwita "Madamu." Nacheka, halafu namhurumia.

Alhamisi, 4 Septemba
Kesho mtihani. Amekanda unga jioni nzima, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayehifadhi sura ya Kurani. Mkate umeungua chini. Tumekula sehemu ya juu. Naogopa kuliko yeye.

Jumatano, 10 Septemba
Amefaulu! Leo amepewa cheti. Amemwambia Hadija asome jina la baba yake kwa sauti. Kisha asome tena.

Jumanne, 23 Septemba
Hoteli zote alizokwenda zimemkataa. Ya leo ilimwambia: "Cheti ni kizuri, Mzee, lakini tunatafuta kijana." Amenisimulia huku akivua viatu, bila kunitazama. Nina hasira. Mbona siku ya kumwandikisha darasani hakuna aliyemwambia hivyo?

Jumatatu, 29 Septemba
Nimepita kituo cha mabasi. Nimemkuta Papa Hadija chini ya gunia la mchele wa Bugarama. Ameinama hata uso hauonekani. Nimemjua kwa miguu. Nimelia njia nzima.

Aliporudi nilikuwa mlangoni.

"Papa Hadija, uliniambia unatafuta kazi ya mikate."

"Batoto batakula karatasi?"

"Na mugongo yako, nitainunua wapi?"

Ameketi akijishika kiuno. Nimemwambia kesho aje kwenye jiko langu. Akasema ataniharibia biashara. Nikasema iharibike.

Jumamosi, 4 Oktoba
Mikate ya kwanza haikuumuka. Jiko la makaa si tanuri la shule. Ya pili ilikuwa migumu, hata sisi tumeichovya kwenye chai. Leo imetoka laini, na wateja wameyaacha maandazi yangu. Nimeona wivu kidogo. Naandika kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Hatujawahi kufanya kazi bega kwa bega. Kumbe anaimba akikanda. Miaka yote hii sikujua.

Alhamisi, 16 Oktoba
Maman Furaha, mwenye duka la chai karibu na soko, ameonja mkate wa Papa Hadija kwenye jiko langu, akamwita. Ana tanuri kubwa. Cheti hakukiulizia hata kidogo. Kazi ni asubuhi za siku za soko tu, malipo madogo kuliko ya magunia. Siku nyingine atabaki kwenye jiko langu. Nilitaka kubisha, lakini yeye alikuwa amekwisha kukubali, anatabasamu.

Bila darasa lile asingejua kukanda. Basi cheti kimetufaa au hakijatufaa? Sijui. Usiku wa leo amelala bila kugumia kwa mgongo.

Jumapili, 26 Oktoba
Tumekwenda Nkanka kwa dada yangu. Ziwa limetulia. Tumekula sambaza, vidagaa vya ziwani, na ugali. Jirani yao, mtu asiyetufahamu, amemuuliza Papa Hadija anafanya kazi gani. Zamani alikuwa akijibu, "Natafutatafuta tu."

Leo amesema, "Natengeneza mikate," akaendelea kula.

Nimegeuka nikatazama ziwa kidogo.